Mzee Jairo Olima na Masikio ya Usukani

Ijumaa ya tarehe 28 Juni 2024, saa nane mchana, Mzee Jairo Otieno Olima atakabidhi funguo na kustaafu rasmi baada ya miaka ishirini na sita ya kuitumikia kampuni yetu ya kusaga na kuchenjua mawe ya dhahabu, hapa Matongo. Yeye ndiye mtu wa kwanza kustaafu kwetu. Kabla yake watu waliondoka hapa kwa njia mbili tu: kufukuzwa, au kupata jiwe zuri na kutoweka bila hata kuaga. Kwa hiyo hatuna uzoefu wa sherehe za namna hii, na tunaomba wageni watuvumilie.

Mzee Jairo ni mtu wa Utegi, wilaya ya jirani ya Rorya. Alifika Matongo mwaka 1998, wakati mwanzilishi wetu, Mama Boke Mwikwabe, alipokuwa amenunua lori kuukuu lililokuwa na kila kitu isipokuwa breki za kuaminika. Mama Boke alianza kwa kuwakaangia wachimbaji maandazi. Faida ya maandazi ikanunua karasha moja ya kusagia mawe, karasha ikazaa ya pili, na mawe yakahitaji gari la kuyabeba. Madereva watatu waliitwa kujaribiwa. Wawili waliuliza mshahara. Jairo alilizunguka lori, akalipiga tairi teke, akasema, "Hii gari ni mgonjwa, lakini hajafa." Akapewa kazi siku hiyohiyo.

Tangu hapo mwalo wetu, yaani eneo la kusagia na kuoshea mawe, haukuwahi kuwa kimya. Mzee Jairo huzungumza na gari kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maduara, ile migodi midogo ya wachimbaji: akipanda mlima huongea Kijaluo, akiwa tambarare huongea Kiswahili, akishuka mteremko husali. Hakuna aliyewahi kumwambia jambo asilolijua tayari, kwa maelezo yake mwenyewe. Vijana wetu wa Kikurya walipomtania kwamba Mjaluo kazi yake ni kuvua samaki na si kushika usukani, aliwajibu kwamba Mkurya yeye anajua gia moja tu, ya kwenda mbele, na ndiyo maana hajawahi kuomba msamaha.

Lakini siku duara la jirani lilipojaa maji, ni yeye aliyewabeba majeruhi hadi hospitali ya Tarime nyuma ya lori, juu ya magunia ya pumba. Kwenye mashimo alitembea kama anayebeba mayai, na kwenye barabara nzuri alikimbia kama aliyeiba. Wote walipona. Wawili kati yao wamekaa safu ya mbele leo, na wameomba tusiwasimamishe, kwa sababu wakianza kumshukuru hatutakula.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kila mgeni atakuwa amekisikia kwa namna yake. Tumeona tukiandike kama kilivyotokea, kwa kuwa mwandishi wa wasifu huu alikuwa kiti cha nyuma.

Mwaka 2013 duara moja hapa jirani lilitema dhahabu. Waliokuwepo wanakumbuka. Watu walimiminika kutoka Geita, Kahama, hata Migori ng'ambo ya mpaka. Vitanda vilikodishwa kwa zamu, na kuku waliadimika mpaka jogoo akiwika watu waligeuka kumtazama. Karasha zetu zilinguruma bila kupumzika. Asubuhi moja, wakati wa chai, Mama Boke akatangaza kwamba ananunua gari dogo na ataliendesha mwenyewe.

Watu walipiga makofi. Mzee Jairo alishika kikombe bila kunywa.

Mama Boke alikuwa na sababu yake, na aliisema hapohapo. Alipofiwa na mumewe kule Morotonga, karibu na Mugumu, wifi yake mkubwa, Efrazia, alimfungia mlango. Alisema Boke hana tena chake katika boma lile, na kwamba siku moja atarudi kuomba chumvi. "Nilitoka Morotonga kwa miguu, mtoto mgongoni," Mama Boke alisema. "Nataka kurudi nimeshika usukani mwenyewe. Sitaki kupelekwa. Nataka kwenda."

Dalali mmoja wa magari anayeitwa Kisyeri, kijana mwenye miwani ya jua hata mawingu yakitanda, alileta magari mawili ya otomatiki tuchague. Moja lilikuwa la kijivu, la pili rangi ya damu ya mzee. Umri wao sawa, bei sawa, na yote mawili yalikuwa na vile vibao viwili vya gia nyuma ya usukani: ukivuta cha kushoto gia inapungua, ukivuta cha kulia inaongezeka. Kisyeri aliviita pedo. Sisi mwaloni tukaviita masikio, na jina limebaki.

Tofauti ilikuwa moja tu. Kwenye gari la kijivu masikio yalifungwa kwenye shina la usukani, hayazunguki. Ukikata kona namna gani, sikio la kushoto linabaki kushoto. Kwenye gari la damu ya mzee masikio yalifungwa kwenye usukani wenyewe na huzunguka nao, yaani usukani ukigeuka nusu, la kushoto limehamia kulia na la kulia limehamia kushoto.

"Chagua wewe, Baba Awino," Mama Boke alimwambia Jairo, akimwita kwa jina la binti yake, kama anavyofanya akiwa na jambo zito. "Wewe ndiye unayejua magari."

Kwa hiyo Mzee Jairo alipewa kazi ya kuchagua gari litakalochukua nafasi yake. Awino alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Mkewe, Adoyo, alikuwa ameanza kujenga jiko la matofali kule Utegi. Na yeye alikuwa ameshaanza kuota mvi, kwenye mji uliojaa vijana wenye leseni mpya. Amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba usiku ule alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango.

Kesho yake aliyajaribu magari kwenye uwanja wa mpira. La kijivu lilimtii kama mkono wake. Yeye ni mtu wa malori: akikata kona mikono hupishana, huachia usukani na kuudaka tena upande wa pili, na kila vidole viliporudi kushoto sikio la kushoto lilikuwa hapo linamngoja. La damu ya mzee lilimtesa. Alipotaka gia ishuke ilipanda. Alipotaka ipande ikashuka, gari likaguna na Kisyeri akagonga paji la uso kwenye dashibodi. "Nyasaye!" Mzee Jairo alimwita Mungu kwa Kijaluo. "Hii gari masikio yake yanatembea!"

Hapo ndipo wazo likamwingia. Kama gari hili limemshinda yeye, Jairo Olima, litamshinda Mama Boke mara mbili. Atalijaribu wiki moja, atachoka, atasema, "Jairo, chukua usukani wako." Akaenda ofisini, akavua kofia, akalisifia gari la damu ya mzee kwa maneno matamu ambayo hakuwahi kumpa hata mkewe. Masikio yanayozunguka, alisema, ndiyo ya kisasa. Ndiyo ya watu wenye heshima.

Mama Boke akalichukua kwa majaribio, na Mzee Jairo akawa mwalimu wake.

Siku ya kwanza alijiandaa kumpa pole. Mama Boke aliketi, akashika usukani kulia na kushoto kama anavyoshika karai la unga, na hakuachia tena. Hakuwa amewahi kuendesha kitu chochote maishani, kwa hiyo hakuwa na mazoea ya kuacha. Alipokata kona, mikono ilikwenda na usukani, na masikio yakaenda na mikono. Kidole chake kilikuwa juu ya sikio lake muda wote. Kwenye kona kali mikono ilijikunja kama ya mtu anayejikumbatia kwa baridi, lakini gia ilipaswa kushuka na ikashuka. Aliuzunguka uwanja, akapunguza, akaongeza, akasimama mbele ya goli kwa upole.

"Kumbe ni rahisi," alisema.

Mzee Jairo alishuka akamfungulia mlango. Akasema pengine, kwa kulinganisha tu, ajaribu na lile la kijivu. Mama Boke akajaribu. Alipokata kona, mikono yake ilikwenda na usukani na masikio yakabaki nyuma. Akapapasa, akavuta alichokipata, na katikati ya kiangazi vifutio vya kioo vikaanza kufuta mvua isiyokuwepo. Alipapasa tena, taa za kona zikamkonyeza golikipa mmoja aliyekuja mazoezini. "Hapana," Mama Boke alisema akishuka. "Hii haina adabu. Ulinichagulia vizuri, Baba Awino. Mungu akubariki."

Baraka ile, anasema Mzee Jairo, aliipokea kama mtu anayepokea chenji ya mwenzake.

Mama Boke alifanya mtihani, akapata leseni, na Jumamosi moja tukaanza safari ya Morotonga. Yeye na Mzee Jairo mbele, mwandishi huyu nyuma, na mfuko wa sukari mapajani. Kwa kuwa Mama alikuwa bado anauogopa mteremko wa kushuka Mto Mara, walikubaliana Mzee Jairo aendeshe hadi darajani, kisha wabadilishane.

Angeweza kuliacha gari lichague gia lenyewe. Mtu mwingine angefanya hivyo. Lakini Mzee Jairo amewafundisha watu maisha yake yote kwamba mteremko hushukwa kwa gia na breki ni ya wavivu, na mwanafunzi wake alikuwa amekaa pembeni anamtazama. Akaanza kusali kama kawaida. Kwenye kona ya kwanza mikono ikapishana, usukani ukageuka, akavuta lililokuwa kushoto. Lilikuwa la kulia. Injini ikanyamaza na gari likapata mbio. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, kama anayemkumbusha mtoto mtukutu. Gia ikapanda tena. Sala ikahamia Kijaluo.

"Jairo, breki!" Mama Boke alipiga kelele.

Alikanyaga. Changarawe ikatuteleza, tukaiacha barabara, tukapita katikati ya mbuzi waliotupisha kwa heshima, na tukazama hadi milangoni katika lundo laini, la rangi ya majivu. Hakuna aliyeumia. Sukari haikumwagika. Tulikuwa ndani ya marudio ya Mzee Waisiko.

Kwa wageni wasiojua, marudio ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa mara moja, ambao bado una dhahabu ndani yake, na mwenyewe huulinda kuliko ng'ombe. Mzee Waisiko alitoka mwaloni kwake na koleo begani. Hakutupa pole. Alilizunguka gari polepole, akitazama matope yaliyoganda kila mahali.

"Shikamoo, mzee," Mama Boke alisema. "Tusamehe. Tutasukuma tuondoke."

"Marahaba. Gari iende," Mzee Waisiko alijibu. "Tope libaki. Hilo tope ni langu."

Alimaanisha. Vijana wake walitusukuma hadi kwenye ardhi ngumu, kisha yakaletwa makarai na maji, na tairi zote zikaoshwa ndani ya makarai hayo, zikafuatiwa na chini ya milango na mbele ya taa. Mzee Jairo alipiga magoti akisugua kwa brashi. Alipodhani amemaliza, Mzee Waisiko akamnyooshea koleo miguuni. "Na viatu, mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. Viatu vikaoshwa. Mwandishi huyu aliosha ndala. Mzee Waisiko amedai hadi leo kwamba hakupata kitu katika maji yale, lakini wiki iliyofuata alionekana na redio mpya.

Ni wakati wa tairi la tatu ambapo Mama Boke alichuchumaa karibu na Jairo. Hakuwa na hasira. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Baba Awino. Mikono yako haifanani na hii gari hata kidogo. Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Sasa uliichagua ya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, Mzee Jairo alishusha sauti. Kisha akasema, akiliambia tairi, "Nilitaka ikushinde, Mama. Ukiendesha mwenyewe, mimi nitakuwa nani pale?"

"Mimi nilisema nataka gari. Sikusema simtaki dereva."

"Hukusema unamtaka pia."

Mama Boke alilivuta karai karibu. Ni kweli, hakuwa amesema. Miaka kumi na mitano, na hakuna aliyekuwa amemwambia mzee huyu kwamba anahitajika. Sote tulidhani anajua, maana alikuwa akijua kila kitu. Mama akachota maji kwa kiganja, akalimwagia tairi mahali penye tope, akasema, "Nakutaka. Haya, malizia na la nyuma. Halafu nipishe usukani."

Kutoka hapo aliendesha yeye. Alishuka, alipanda, alipita ng'ombe, alipita lori la mkaa. Mzee Jairo alikuwa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo mpaka zulia likajikunja.

Morotonga tuliingia kabla ya chakula cha mchana, gari likichuruzika maji ya Mzee Waisiko. Bibi Efrazia alitoka na fimbo yake, macho yamefifia kidogo. Aliona gari. Akaona mwanaume mwenye kofia amekaa kushoto, bila kazi yoyote, kama wanavyokaa matajiri. Akamwendea moja kwa moja.

"Karibu, mheshimiwa," alisema. "Karibu sana nyumbani. Na huyu dereva wako mama, mwambie naye aingie, atapewa chai jikoni."

Mama Boke aliganda kwenye usukani. Alikuwa ameiota siku hii kwa miaka mingi, na katika ndoto zote hakuna mahali alipopelekwa jikoni.

Mzee Jairo angeweza kucheka. Mwandishi huyu alikuwa ameanza. Badala yake alishuka, akalizunguka gari kwa mbele, akaufungua mlango wa dereva kwa mikono miwili, akavua kofia na kusimama wima kama askari.

"Mama, samahani," alimwambia Bibi Efrazia. "Mwenye gari ni huyu. Mwenye kampuni ni huyu. Mimi leo nimebebwa tu, kama gunia."

Mama Boke akashuka. "Shikamoo, wifi," alisema.

Bibi Efrazia alisogea karibu, akamtazama usoni, akamshika mkono, akauachia, akaushika tena. "Boke?" aliuliza. "Mimi nilikwambia utarudi hapa kuomba chumvi."

"Nakumbuka," Mama Boke alijibu. "Nimeleta sukari."

Tulidhani ataufunga mlango tena. Kisha Bibi Efrazia akaanza kucheka, kicheko cha mtu mzima aliyechoka kubeba kitu, na Mama Boke akacheka, na sote tukaingia kula. Hatukupelekwa jikoni. Baada ya chakula bibi akasema hajawahi kupanda gari dogo, akaomba apelekwe kuliona bwawa la Manchira, ambalo maji yake anakunywa na hajawahi kuliona. Akakaa mbele. Mzee Jairo akabanwa nyuma pamoja na mwandishi huyu na jogoo wa zawadi, na njia nzima alimweleza bibi jinsi masikio yale yanavyofanya kazi, kwa ufasaha ambao haukuonyesha hata kidogo kwamba asubuhi yalimpeleka kwenye marudio.

Mama Boke alilinunua gari la damu ya mzee, na bado analo. Mwezi uliofuata akanunua na la kijivu, akamkabidhi Mzee Jairo mbele ya wafanyakazi wote, akasema kwa sauti, ili isije ikasemwa tena kwamba hakusema, "Huyu ni dereva wangu, na ninamtaka."

Tangu hapo Mzee Jairo amekuwa mwalimu. Amewafundisha kuendesha wanawake wengi wa mwalo huu, wapishi, waosha mchanga, na mwandishi wa wasifu huu aliyekuwa akiogopa hata baiskeli. Kwanza humketisha mwanafunzi mbele ya usukani gari likiwa limezimwa, humwambia ageuze, na yeye hutazama mikono tu. Mikono inayoachia na kudaka hupewa masikio yasiyozunguka. Mikono inayong'ang'ania hupewa yanayozunguka. Mabishano ya lipi ni bora bado yapo. Yamevunja uchumba mmoja na kuzaa timu mbili za mpira. Ukimwuliza Mzee Jairo atakujibu, "Bora kwa nani? Niletee mtu kwanza, ndipo nikuambie gari." Tunakiri kwamba hilo ndilo jambo pekee alilowahi kukubali kwamba hakulijua tangu kuzaliwa.

Awino sasa ni muuguzi, na leo yupo pamoja nasi. Mama Adoyo pia yupo, na ametuonya kwamba nyumbani Utegi hakuna lori la kupigiwa kelele, kwa hiyo anaomba tumrudishe mzee huku mwaloni angalau siku za soko.

Mzee Jairo, umetubebea mawe, umetubebea wagonjwa, na umetubebea vicheko ambavyo havina mzani wa kuvipima. Asante kwa kila safari. Tunakuombea afya, usingizi usiokatishwa na king'ora cha karasha, na wajukuu wenye masikio ya kusikiliza. Wanafunzi wako wamebishana wiki nzima ni nani atakayekupeleka nyumbani leo jioni. Mama Boke amemaliza ubishi: atakupeleka mwenyewe, na amesema ukae mbele. Nenda salama, mwalimu wetu, ukaishi vizuri.

Mogesi Heche
Mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote